Banda la Muda la Kutazamia Ziwa

Kwa niaba ya Kitengo cha Mandhari na Mapumziko ya Wananchi, napenda kuutangazia umma wa Bukoba, Muleba na maeneo jirani kwamba Banda la Muda la Kutazamia Ziwa, lililokuwa juu ya mlima wa Kibeta, limebuniwa, limejengwa, limefunguliwa na limebomolewa ndani ya muda uliopangwa. Mafanikio ya namna hii ni nadra. Miradi mingi huishia hatua ya pili, na mingine hubomoka yenyewe kabla ya kufunguliwa. Wetu ulipita hatua zote nne, na mimi, Avit Mwijage, Katibu wa Kamati ya Ubunifu, nilikuwepo katika kila hatua, nikiandika muhtasari.

Nasikia kule mtaani Bilele watu wanalisimulia jambo hili wakicheka. Natoa maelezo haya ili wacheke kwa taarifa sahihi.

Wazo lilikuwa la Mkuu wetu wa Kitengo, Bwana Kahangwa. Alirudi kutoka kwenye semina akiwa na picha ya banda fulani la ng'ambo, la kupumzikia nje ya mji, akatuita ofisini. Alituambia kwamba mwezi Machi kutakuwa na Wiki ya Mandhari, Mgeni Rasmi atatoka makao makuu, na atahitaji mahali pa kusimama atazame ziwa. Nilieleza kwa heshima kwamba kwa sasa wananchi hulitazama wakiwa wamesimama popote. Mkuu alisema hilo ndilo tatizo lenyewe. Watu wanatazama kiholela.

Kazi ya kuchora alipewa Jovita, msanifu kijana, mzaliwa wa Izigo, aliyekuwa na mwezi wa pili tu katika ajira yake ya kwanza. Jovita alifanya jambo ambalo hakuna mtu wa Kitengo aliyewahi kulifanya: alipanda mlima. Alikaa kwenye majani siku mbili, akatazama upepo unatoka wapi na jua linapita wapi, akarudi na mchoro wa karatasi moja. Nguzo nane za mkaratusi, paa la nyasi, benchi la kuzunguka. Basi. Hakuna ukuta. Ukiketi, mbele yako ni ziwa lote, na kisiwa cha Musira, na chini mapaa ya mji. Siku ishirini na moja zikiisha, nguzo zinang'olewa, nyasi zinapewa ng'ombe, mlima unabaki kama ulivyokuwa.

Fundi alikuwa Ta Kyaruzi, mzee wa Izigo pia, ambaye ujana wake wote alijenga nyumba za nyasi pamoja na baba yake. Aliutazama mchoro, akasema siku nne zinamtosha. Jambo hilo lilitutia wasiwasi. Ratiba yetu ilikuwa ya siku arobaini, na kamati yenye wajumbe kumi na mmoja haiwezi kuitwa kwa kitu cha siku nne.

Katika kikao cha kwanza Mkuu aliuliza utepe utafungwa wapi. Tukautazama mchoro. Kweli, banda lilikuwa wazi pande zote. Ta Kyaruzi, aliyekuwa amealikwa kama mtaalamu msaidizi, alipendekeza ufungwe kati ya nguzo mbili.

"Na Mgeni Rasmi akipita pembeni?" Mkuu aliuliza. "Atakuwa ameingia kabla hatujafungua."

Wajumbe waliguna kwa kuelewa. Iliamuliwa banda liwe na mlango. Kikao cha pili kiligundua kwamba mlango hausimami bila ukuta. Kikao cha tatu kiliona kwamba ukuta mmoja unaonekana kama jengo limeishiwa vifaa, hivyo zikaongezwa kuta tatu, na paa la nyasi likabadilishwa kuwa la bati, kwa kuwa kuta za mbao na paa la nyasi ni mchanganyiko wa ngazi mbili za kiutawala. Kikao cha nne kilijadili madirisha. Mjumbe mmoja alikumbusha kwamba upepo wa ziwani ungepeperusha karatasi za hotuba. Madirisha yakaondolewa, na badala yake yakawekwa mabati mawili ya kupitisha mwanga juu.

Katika kila kikao Jovita alisimama akasema neno lile lile, kwa sauti ya chini na bila kukasirika, kwamba watu watakwenda pale ili walione ziwa. Kila mara nililiandika. Katika kikao cha tano Mkuu mwenyewe alikiri kwamba dada huyu ana hoja. Banda la kutazamia ziwa lisipokuwa na ziwa, alisema, tutaulizwa. Ndipo ilipoamuliwa kwamba ukuta wa upande wa ziwa uwe wa plaiwudi, na uchorwe ziwa.

Mchoraji alikuwa Elieza, anayechora mabango ya saluni na baa pale mjini. Ni kijana mwaminifu. Alichora maji ya buluu, mitumbwi mitatu, na pundamilia wawili wakinywa maji ufukweni. Nilipomuuliza kuhusu pundamilia, alisema amezoea kuwachora, na ufukwe bila mnyama hauvuti macho. Mkuu aliwapitisha kama wanyama wa muda.

Siku ile Jovita alikuja mezani kwangu na barua ya mistari miwili. Aliomba jina lake liondolewe kwenye michoro. Nilidhani Mkuu angekasirika. Badala yake alisaini hapo hapo, akaniagiza nitengeneze kibao cha shaba cha kupigiliwa juu ya mlango: BANDA HILI LIMEBUNIWA NA KAHANGWA. Jovita hakufukuzwa. Alibaki kwenye orodha ya watumishi, bila kazi.

Sasa nieleze habari ya shamba, maana bila shamba taarifa hii haikamiliki.

Mita thelathini hivi kutoka eneo la mradi, kwenye nyika ile ya majani ambayo sisi Wahaya tunaiita rweya, kulikuwa na shamba la njugu mawe la Ma Anatolia. Ni mjane, Mkatoliki, mwenyekiti wa jumuiya yake, na kibanja chake cha migomba kiko chini ya mlima. Migomba yake ilipigwa na mnyauko miaka miwili iliyopita, akaing'oa na kuichoma kama alivyoagizwa na bwana shamba. Tangu hapo, njugu zile ndizo zilizomlisha yeye na wajukuu watatu. Mwezi Februari zilikuwa zimekomaa.

Lakini mwezi Januari Kitengo kilikuwa kimepiga picha ya mlima na kuituma makao makuu, na shamba lilionekana pichani likiwa la kijani. Mkuu aliona kwamba, kwa kuwa picha imeshapokelewa na kugongwa mhuri, hayo sasa ni mandhari yaliyoidhinishwa. Akaniagiza nimpelekee Ma Anatolia barua ya kumzuia kuvuna mpaka Wiki ya Mandhari ipite.

Alinikaribisha vizuri. Alinipa kigoda, akaniletea kahawa ya kutafuna, akaniomba niisome barua mara mbili. Mara ya pili nilijikuta nasoma polepole.

"Waitu katibu," alisema kwa heshima ya Kihaya, "njugu zimekomaa. Mvua ya Machi ikizikuta chini, zitaota. Hii barua yako inaizuia na mvua?"

Niliipitia tena. Mvua haikutajwa. Nilimwambia nitalifikisha suala lake kwenye vikao. Aliniangalia kidogo, kisha akasema mama yangu anamfahamu, waliwahi kupalilia pamoja, na kwamba mimi nililelewa kwa njugu kama hizo. Nililifikisha suala kikaoni kama nilivyoahidi. Liliingia kwenye mengineyo, na mengineyo yalifika saa ambayo wajumbe walishakwenda kula. Mimi pia nilikwenda kula.

Jovita ndiye aliyeanza kwenda kwa Ma Anatolia. Kwa kuwa hakuwa na kazi ofisini, kila asubuhi alisaini kitabu cha mahudhurio, akapanda mlima. Nguzo nane za mchoro wa kwanza zilikuwa zimelala kwenye majani, pamoja na marundo ya nyasi, na mimi mwenyewe ndiye niliyeziandika kwenye orodha ya vifaa visivyohitajika. Alimwomba Ta Kyaruzi, naye baada ya saa za kazi akazisimamisha pembezoni mwa shamba, akaziezeka nyasi na kuzizungushia benchi. Zilikuwa siku nne, kama alivyosema. Ma Anatolia aliambiwa ni kibanda cha kuanikia njugu. Alijibu kwamba njugu zenyewe zimepigwa marufuku, lakini akakipokea, akatandika majani chini kama sebuleni kwake.

Nilikiona. Nilipaswa kukitolea taarifa. Nilijiambia kwamba kitu kisicho na mlango si jengo, bali ni uwazi wenye paa, na uwazi hauko chini ya mamlaka yetu.

Siku mbili kabla ya ufunguzi, mvua ilianza kunyesha. Ta Kyaruzi alikuja ofisini kueleza kwamba mlango ulitengenezwa kwa mbao mbichi, kwa sababu ya haraka, na umeanza kuvimba. Aliomba nusu siku aupige randa. Mkuu alimwambia kwamba ratiba ya ukaguzi wa mlango ni baada ya ufunguzi.

Siku ilifika. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi, mlima unang'aa, ziwa limetulia mpaka mtu angeweza kuhesabu miti ya Musira. Mgeni Rasmi alikuwa mama wa makamo, mfupi, anayesikiliza zaidi ya anavyozungumza. Aliposhuka kwenye gari aligeuka kulitazama ziwa, lakini Mkuu alimwomba asilitazame bado, kwa kuwa hatujafungua. Alikata utepe. Tukaingia, watu ishirini na wawili, na kwa kuwa upepo ulianza kuzigusa karatasi, Mkuu mwenyewe aliusukuma mlango kwa bega mpaka ukafunga.

Hotuba yake kuhusu umuhimu wa mandhari ilichukua dakika arobaini. Mle ndani kulikuwa na joto la bati na harufu ya rangi. Mgeni Rasmi aliutazama ukuta muda mrefu.

"Huku ziwani kwenu kuna pundamilia?" aliuliza.

Mkuu alijibu kwamba suala hilo liko katika hatua za awali. Mgeni akauliza nani alibuni banda. Mkuu akasema, kwa unyenyekevu, kwamba ni yeye mwenyewe, peke yake, kuanzia mstari wa kwanza, na kwamba jina lake liko juu ya mlango. Mgeni alisema angependa kuliona hilo jina, na pia angependa kupata hewa.

Mkuu alivuta kitasa. Mlango haukusogea. Akavuta kwa nguvu zaidi, na kitasa kikatoka, kikabaki mkononi mwake. Alikishika vile vile, kama mtu aliyepewa zawadi, akatutangazia kwamba kuna ucheleweshaji mdogo wa kutoka.

Tulisukuma. Tulivuta kwa vidole. Wakubwa watatu walivua makoti. Hatimaye niligonga ukuta nikamwita Ta Kyaruzi, aliyekuwa nje. Alizunguka, akatusemesha kupitia mbao. Alisema mlango umevimba umekuwa kitu kimoja na fremu, na akiupiga shoka fremu itayumba na bati litatushukia. Njia salama ni moja: akate ule ukuta mwembamba.

Mkuu alikataa. Ule ukuta ndio ziwa, alisema, na ziwa limekwisha kuingizwa kwenye orodha ya mali za Kitengo. Kuliharibu kunahitaji idhini ya kamati. Akaangalia huku na huku, akaona wajumbe wote kumi na mmoja tuko ndani, akidi imetimia, akafungua kikao cha dharura. Nilitoa daftari. Tulikuwa kwenye ajenda ya kwanza, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, jasho likidondokea kurasa, Mgeni Rasmi aliponyanyuka akaenda akaweka mdomo wake karibu na plaiwudi.

"Fundi," alisema, "kata."

Msumeno ulitokeza pale maji yanapokutana na mbingu. Ukashuka ukapita katikati ya mitumbwi, ukageuka chini ya kwato za pundamilia. Kipande kikaanguka nje, na mwanga ukatuingia usoni, na upepo, na ziwa. Mgeni Rasmi aliinua mguu, akapita. Tukamfuata mmoja mmoja. Wananchi waliokuwa wakisubiri nje walipiga makofi mengi. Walidhani ndivyo ilivyopangwa.

Ndipo tulipoliona shamba. Ma Anatolia alikuwa amesubiri tuingie wote na mlango ufungwe, akawaita akina mama wa jumuiya yake, kumi na wanne. Banda letu halikuwa na dirisha hata moja. Kwa muda wote wa hotuba, hadi msumeno ulipoingia, walikuwa waking'oa. Zaidi ya nusu ya mandhari yaliyoidhinishwa ilikuwa imeshavunwa, imelala kwenye vikapu, na Jovita alikuwa katikati yao amekunja suruali hadi magotini, udongo mpaka kwenye viwiko.

Mkuu alinigeukia kutaka barua ya zuio. Nilimwambia imo kwenye jalada, na jalada limo ndani. Ni kweli lilikuwa ndani. Nilikuwa nimelikalia dakika chache kabla, na sikuona sababu ya kutoka nalo.

Mgeni Rasmi hakungoja. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye zile nguzo nane, akaketi kwenye benchi, akavua viatu. Ma Anatolia alimletea maji ya kunawa, kisha njugu zilizochemshwa kwenye kikapu kidogo. Mgeni alikula, akitazama mbele. Nilimwona mabega yakishuka. Sisi wengine tulisimama kwenye majani, tumebeba makoti yetu.

"Hili nalo nani amelibuni?" aliuliza mwishoni.

Mkuu alisogea hatua moja, akafungua mdomo. Nadhani hata yeye alisikia kwamba ameshajibu swali hilo mara moja siku ile. Akairudisha ile hatua. Ma Anatolia ndiye aliyemshika Jovita mkono uliojaa udongo, akamsogeza mbele.

"Ni mtoto wetu huyu," alisema. "Alikuja akakaa kwenye majani siku mbili kwanza."

Mgeni Rasmi aliomba kitabu cha wageni. Nikampelekea. Aliandika kwa mkono wake, mbele ya mashahidi, kwamba amelifungua Banda la Muda la Kutazamia Ziwa, lenye nguzo nane, lililobuniwa na Jovita, lililojengwa na Kyaruzi, kwenye shamba la Anatolia na kwa ridhaa yake. Akaweka saini na tarehe. Kisha akaomba njugu nyingine.

Hapo ndipo kanuni zilipoanza kufanya kazi. Kwa kuwa banda rasmi lilikuwa sasa ni lile la nguzo, lile la kuta nne likawa jengo lisilo na kibali ndani ya eneo la mandhari. Kwa jengo la namna hiyo Kitengo hutoa notisi ya siku saba, na mhusika hulibomoa kwa mikono yake mwenyewe. Mhusika ni yule ambaye jina lake liko kwenye jengo. Makao makuu waliandika barua kutaka utaratibu ufuatwe. Niliandaa notisi. Bwana Kahangwa aliisaini kama Mkuu wa Kitengo, nikaitia kwenye bahasha, nikagonga mlango wake, nikamkabidhi kama mhusika. Alisaini kupokea.

Alikata rufaa. Rufaa husikilizwa na Mkuu wa Kitengo. Aliisikiliza siku mbili, mlango umefungwa, na watumishi tulimsikia akijieleza kwa uchungu. Siku ya tatu aliikataa. Alinieleza kwamba hoja za mkata rufaa zilikuwa na uzito, lakini akimhurumia huyu mmoja, kesho watakuja wengine.

Hivyo, siku ya saba, Bwana Kahangwa alipanda mlima bila suti. Alivaa fulana ya zamani na kofia ya majani, akaanza kung'oa misumari. Lazima niseme alifanya vizuri. Alianza na bati, akashuka na kuta, akapanga mbao kwa urefu. Mimi nilikaa kwenye banda la nguzo nikiandika taarifa ya ubomoaji, huku Ma Anatolia akichambua njugu za mbegu kwenye ungo. Jovita alikuwa ameitwa makao makuu kuonyesha mchoro wake wa karatasi moja.

Saa sita jua lilikuwa kali. Ma Anatolia alijaza bakuli la njugu, akampelekea, naye Mkuu alikula akiwa amesimama, ameliangalia ziwa. Ma Anatolia aliporudi aliketi, akavuta ungo wake, akamtazama tena kwa mbali. Mpaka leo sijui kama kweli hakumtambua.

"Fundi wenu huyu mpya ni mzuri," aliniambia. "Hana maneno. Mtabaki naye?"

Nilimjibu kwamba ni wa muda.